Namna ya Kuonja Bourbon Isiyozimuliwa

Kabla hujagusa kizibo, soma lebo. Bourbon nyingi huzimuliwa kwa maji kiwandani mpaka alkoholi ishuke kwenye asilimia 40 na kitu. Isiyozimuliwa huingia chupani ilivyotoka kwenye pipa, mara nyingi ikiwa kati ya asilimia 55 na 65. Wamarekani hutumia pia kipimo cha prufu, ambacho kwao ni asilimia mara mbili, kwa hiyo prufu 124 ni asilimia 62. Iandike tarakimu hiyo. Utaihitaji wakati wa kupima maji.

Lakini usiichukulie kuwa alama ya ubora. Sheria ya Marekani hairuhusu bourbon kuingia kwenye pipa ikiwa juu ya asilimia 62.5. Ukikuta chupa imevuka hapo, ujue nguvu ilipanda wiski ikiwa imelala ghalani. Maghala mengi ya Kentucky yana ghorofa kadhaa, na zile za juu, karibu na paa, hushika joto kali la kiangazi. Huko maji hupenya mbao na kugeuka mvuke haraka kuliko alkoholi, na kinachobaki huzidi kuwa kikali. Nambari kubwa inakudokeza pipa lililala wapi, haikuambii kama kilichomo ni kitamu. Wanaonunua kwa kufuata nambari hulipia ukali mtupu.

Angalia pia namba ya toleo. Elijah Craig Barrel Proof, kwa mfano, hutoka mara tatu kwa mwaka, na kila toleo lina nguvu yake. Kwenye msimbo A123, herufi A ni toleo la kwanza la mwaka, 1 ni Januari, 23 ni mwaka 2023. Maoni uliyoandika juu ya toleo moja usiyahamishie kwa jingine.

Mimina mililita 30 kwenye glasi iliyobanwa mdomo. Barafu usitie, kwa sababu baridi hufunga harufu. Iache itulie dakika kumi hivi, kisha isogeze glasi usawa wa kidevu, fungua mdomo kidogo, uvute hewa taratibu. Usiizungushe kwa nguvu kama watu wafanyavyo na divai, maana utapandisha mvuke wa alkoholi na pua itakufa ganzi. Ikikuchoma, iondoe, pumua hewa safi, urudi.

Funda la kwanza liwe dogo sana, na usilitolee hukumu. Alkoholi huamsha vipokezi vilevile vya neva vinavyohisi pilipili, na huvifanya visikie joto la kawaida la mwili kama moto. Ndiyo maana mwonjaji mgeni hutamka “kali!” na kuishia hapo. Upe ulimi muda wa kuzoea. Funda la pili litembeze mdomoni kwa sekunde kadhaa, chini ya ulimi na kwenye ufizi, ndipo umeze au uteme. Kutema si aibu; wapimaji wa kazi hiyo hutema.

Sasa maji, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Wapo wanaoona kutia maji ni kuiharibu wiski ya namna hii. Nawapinga kabisa. Anayeuza wiski ambayo haijazimuliwa amekuachia wewe uamuzi wa kuizimua. Hesabu yake ni nyepesi: kwenye mililita 30 za asilimia 62, kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, kinaishusha hadi karibu 53, cha pili kinaifikisha kati ya 46 na 47. Tumia maji safi yasiyo na harufu ya klorini, nusu kijiko kwa nusu kijiko, na kila mara subiri dakika mbili kabla ya kunusa tena. Mwaka 2017 wanasayansi wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Uswidi, Björn Karlsson na Ran Friedman, walionyesha kwa kompyuta kwamba gwayakoli, kemikali yenye harufu ya moshi, huelekea kukaa juu ya kinywaji alkoholi ikiwa asilimia 45 au chini yake. Ikizidi 59, alkoholi huizingira na kuizamisha. Kinywaji kikifanya ukungu kidogo baada ya maji, hakijaharibika. Ni mafuta ya asili ambayo hayakuchujwa kwa baridi.

Hukumu itoke kwenye mabadiliko hayo. Moto ukishapungua, je, kuna kilichobaki? Bourbon nzuri hufunguka: utamu wa mahindi unakaa, vanila inasogea mbele, na viungo ambavyo ukali ulikuwa umevifunika vinatokeza. Mbovu hugeuka maji matamu ya mbao. Kama ukakasi unakausha ufizi na hauondoki, imekaa pipani kupita kiasi. Kama inanuka unga mbichi au dawa ya kuondolea rangi ya kucha, huenda haikukomaa. Pima pia muda ambao ladha inabaki baada ya kumeza, na utofautishe na muda ambao koo linaendelea kuwaka.

Unapoandika, tumia harufu unazozijua. Maelezo ya Kimarekani hujaa cheri na keki ambazo pengine hujawahi kuzila. Pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani, ambalo sheria inalidai kwa kila bourbon, hutoa harufu za karafuu, nazi, vanila na sukari iliyoungua. Mzaliwa wa Pemba au Tanga hahitaji kuazima msamiati hapo. Ukisikia kashata, andika kashata.

Kula kwanza, weka maji ya kunywa mezani, na usionje zaidi ya mbili kwa kikao kimoja. Mililita 30 za asilimia 62 zina alkoholi sawa na mililita 46.5 za wiski ya kawaida ya asilimia 40, kwa hiyo baada ya kikao hicho usishike usukani.