Siku ya Kwanza Ugenini

Somo la mwezi kwa washarika na waalimu



Mwezi huu twataka kujifunza habari ya siku moja tu, nayo ni siku ile mtu afikapo kwa mara ya kwanza katika nchi asiyoijua. Siku hiyo ina saa zile zile za siku nyingine, lakini uzito wake ni mwingi. Mtu hasahau mkono uliompokea, wala hasahau mlango uliofungwa mbele ya uso wake. Wazee walisema mgeni ni kuku mweupe, maana hata akiingia katikati ya kuku wengine huonekana upesi. Watu wote humtazama, naye hamjui hata mmoja.

Somo hili latuhusu sana sisi wa Majengo hapa Songea. Vijana wetu wengine huvuka mto Ruvuma pale Mkenda kwenda Msumbiji kwa biashara. Wengine huenda Dar es Salaam, safari ya kilomita zaidi ya 900, na toka huko hupanda ndege kwenda Omani na nchi nyingine za Uarabuni kutafuta kazi za nyumbani. Tena wageni hutujia sisi. Huteremka katika basi usiku, mizigo mkononi, wakiuliza njia. Basi yatupasa kujua mambo mawili: mgeni afike namna gani, na mwenyeji ampokee namna gani.

Kabla ya kuendelea, kila mmoja asome Matendo ya Mitume, mlango wa 27 tangu mstari wa 37, mpaka mlango wa 28 mstari wa 11.

1. Mgeni na afike na barua

Mwezi wa Januari mwaka 1844 alifika Unguja mtu mmoja wa Württemberg katika nchi ya Wadachi, jina lake Johann Ludwig Krapf, pamoja na mkewe Rosine. Alikuwa ametumwa na chama cha misioni cha C.M.S. cha Uingereza. Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika nchi ya Uhabeshi, lakini huko njia ilifungwa. Alipofika Unguja hakukimbilia bara. Alikwenda kwanza kwa Sayyid Said, mwenye kutawala pwani, akajieleza, akapewa barua ya kumjulisha kwa maliwali. Kwa barua hiyo alikaa Mombasa mwaka ule ule.

Kanisa limejua desturi hii tangu mwanzo. Mtume Paulo alipomtuma Fibi wa Kenkrea kwenda Rumi, alimwombea katika Warumi 16 apokewe kama iwapasavyo watakatifu. Mwanamke yule aliingia katika mji mkubwa kuliko yote ya wakati ule, lakini siku yake ya kwanza hakuwa mtu asiye na jina.

Leo barua ya msafiri ni pasipoti yake, na ruhusa ya nchi aendayo, na cheti cha chanjo pale kitakiwapo. Mkristo huongeza barua ya usharika wake. Basi twawaonya vijana wetu jambo moja kwa nguvu. Mtu akikupokea siku ya kwanza, akakuomba pasipoti yako akutunzie, usimpe. Afisa wa mpakani huitazama akakurudishia, na hiyo ni haki yake. Lakini tajiri wa kazi hana haki ya kuifungia sandukuni. Wengi walioteseka ugenini walianza kuteseka saa ile walipotoa hati yao. Nchi yetu ina sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia biashara ya kusafirisha watu, lakini mkono wa sheria hiyo ni mfupi ukiisha kuvuka bahari. Kwa hiyo acha kwenu nakala ya hati zako zote, pamoja na jina la tajiri na mahali akaapo. Tena, kabla hujaondoka, ujue mahali ilipo nyumba ya balozi wetu katika nchi ile.

2. Mgeni na aangalie anafuatana na nani

Wenyeji hawamjui mgeni, kwa hiyo humpima kwa wale walio karibu naye. Walutheri wa Meru wayajua haya kwa damu. Mwezi wa Oktoba mwaka 1896 wamisionari wawili wa misioni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walifika Akeri kuanza kazi. Walikuwa vijana, wenyeji wa nchi za Baltiki, nao walifuatana na Wachaga wa kuwasaidia. Hawakuja na vita. Lakini siku zile zile askari wa serikali ya Wadachi, chini ya Kapteni Johannes, walikuwa wamepiga kambi karibu. Kwa macho ya wenyeji kambi zile mbili zilikuwa kitu kimoja. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba walishambuliwa, wakauawa wote wawili, na baadhi ya Wachaga pamoja nao. Kisha serikali ikalipiza kisasi kwa ukali mwingi, na watu wasio na hatia wakapatwa. Misioni iliweza kurudi Meru mwaka 1902, ndipo kazi ikasimama.

Hatusemi hivi ili kuwahukumu wale waliokufa, wala wale waliowaua. Twasema ili tujifunze. Nia njema iliyo moyoni haionekani usoni. Mgeni ateremkaye katika chombo kimoja na walevi atahesabiwa mlevi. Na mwinjilisti aingiaye kijijini ndani ya gari la mwenye kudai kodi atasikilizwa kama mdai kodi. Siku ya kwanza watu hawajasikia maneno yako bado, huona tu umekuja na nani.

3. Mgeni na atangulize masikio

Turudi kwa Krapf. Mwezi wa Juni mwaka 1844, alipokuwa hajamaliza miezi michache Mombasa, alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Ni nani aliyemsaidia? Kadhi mmoja wa Mombasa, mtu wa Uislamu. Mgeni yule alikuwa amesoma vyuo vya Ulaya, lakini alikaa kama mwanafunzi mbele ya mwenyeji, akamwuliza jina la kila kitu. Mwezi uliofuata, Julai, mkewe Rosine alikufa kwa homa baada ya kuzaa, na mtoto naye akafa. Krapf hakuondoka. Aliendelea kusikiliza na kuandika, na kazi yake ni moja ya misingi ya vitabu vya Kiswahili tulivyo navyo.

Kwa hiyo msafiri na ajifunze maneno machache kabla ya kufika: salamu, shukrani, kuomba radhi, kuuliza njia, na kuomba maji. Tena asifanye haraka kucheka desturi ya watu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole hupona kwa juma moja, bali neno la dharau lililosemwa siku ya kwanza hukaa miaka.

4. Mwenyeji na awashe moto kwanza

Sasa twageuka upande wa pili. Mmesoma jinsi merikebu ya Paulo ilivyovunjika, watu 276 wakafika pwani ya Melita wamelowa, na mvua inanyesha, na baridi kali. Wenyeji wa kisiwa walifanya nini kwanza? Hawakuuliza kabila, wala dini, wala kwamba miongoni mwao wamo wafungwa. Waliwasha moto. Maswali yalikuja baadaye, na mawazo mabaya pia. Maana nyoka alipomwuma Paulo, walidhani ni mwuaji. Lakini walipowaza hayo, moto ulikuwa umekwisha kuwaka, na mgeni alikuwa amekwisha kuota.

Nchi yetu ya kusini imekwisha kufanya jambo kama hilo. Vita ya ukombozi wa Msumbiji ilipoanza Septemba 1964, watu wengi walivuka Ruvuma na watoto mgongoni. Wengine walikaa Muhukuru, kusini ya mji wetu wa Songea. Mwaka ule ule wa 1964 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, pamoja na Baraza la Kikristo la nchi yetu, lilianzisha kazi ya kuwahudumia wakimbizi iitwayo Tanganyika Christian Refugee Service. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, na wengi wakarudi kwao. Lakini kabla ya shirika lolote kufika, yupo mwenyeji aliyetoa maji ya kunywa na mahali pa kulala. Huyo jina lake halimo katika vitabu vya watu. Twaamini limo katika kitabu cha Mungu, kama Bwana alivyofundisha katika Mathayo 25.

Wala asiwepo kwetu mtu wa kusema, Mimi ni mwenye nchi, huyu ni mtu wa kuja. Wangoni wenyewe walitoka kusini mwa Afrika. Jeshi la Zwangendaba lilivuka mto Zambezi mwaka 1835, na vikundi vyao vikafika nchi hii ya Songea katikati ya karne ile. Wala hawakubisha hodi. Walikuja na mikuki, na Wandendeule na Wamatengo waliowatangulia wayakumbuka hayo. Hata jina la Majengo, ambalo miji mingi ya Afrika Mashariki inalo, latukumbusha kwamba mahali hapa watu walikuja wakajenga. Mungu aliwaambia Israeli katika Walawi 19:34 wampende mgeni, na sababu aliyowapa ni kumbukumbu: wao pia walikuwa wageni Misri.

Tazameni na mfano wa mlango uliofungwa. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na habari nyingi za kitabu cha Desturi za Wasuaheli cha mwaka 1903 zatoka kwake. Huko alimwoa mwanamke Mdachi. Mwaka 1905 walisafiri kuja pwani yetu, lakini serikali ya koloni haikukubali mke huyo mweupe ashuke akae na mumewe Mwafrika. Wakarudi Ulaya, naye Mtoro akafa huko mwaka 1927. Mtu alifika kwao, akafanywa mgeni mbele ya nchi yake mwenyewe. Sheria ile imekwisha pamoja na serikali ile, lakini moyo ule waweza kukaa hata katika benchi la kanisa.

5. Ukarimu na uwe na utaratibu

Wako wasemao, Wageni wengine ni wadanganyifu. Je, tutaibiwa mpaka lini? Neno hili si la kudharauliwa. Kanisa la kwanza lililijua. Kuna kitabu kidogo cha kale kiitwacho Didake, yaani Mafundisho ya Mitume, ambacho hati yake iligunduliwa Konstantinopoli mwaka 1873, ikapigwa chapa mwaka 1883. Kitabu hiki chafundisha kwamba kila ajaye kwa jina la Bwana apokewe, kisha achunguzwe. Kama ni mpita njia, asaidiwe, lakini asikae zaidi ya siku mbili au tatu. Kama ataka kukaa na ana ufundi, afanye kazi ale. Kama hana ufundi, usharika ufikiri jinsi ya kumsaidia ili asiishi mtu mvivu kati yao. Asiyekubali hayo ni mwenye kumfanya Kristo biashara.

Je, hatukuyasikia haya kwa babu zetu? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Publio naye, mkuu wa Melita, aliwakaribisha akina Paulo siku tatu. Angalieni taratibu hii: kupokea kwanza, kuchunguza baadaye, kisha kazi. Aanzaye kwa kuchunguza hatawasha moto kamwe. Na asiyechunguza kabisa atachoka, halafu atamfungia mlango hata mwenye haki. Tena jembe si tusi. Ampaye mgeni jembe amwambia, Wewe sasa ni wa hapa.

Basi twashauri kila mtaa uchague wazee wawili, mume na mke ikiwezekana, wa kumwangalia mgeni. Akifika, wamwulize jina lake, na atokako, na kama amekula. Wamwonyeshe mahali salama pa kulala. Kesho yake waitazame barua yake, au wapige simu kwa mchungaji wake. Siku ya tatu wazungumze naye habari ya kazi. Na kijana wetu aondokapo, wazee hao hao wahakikishe ameshika barua ya usharika, na kwamba nyumbani wamebaki na habari zake.

Maswali ya kuzungumza

1. Wenyeji wa Melita walikosea walipomdhania Paulo mwuaji. Mbona kosa hilo halikuharibu ukarimu wao?
2. Katika mtaa wetu, mgeni afikapo kanisani, ni nani amsalimuye wa kwanza? Je, ni kazi ya mtu, au yangoja bahati?
3. Katika usharika, ni kijana gani yuko ugenini sasa, na ni nani ajuaye anakaa wapi?
4. Jembe la siku ya tatu ni nini kwa mgeni asiyelima?

Ndugu, Mwana wa Mungu mwenyewe alikuja ulimwenguni mgeni, na usiku wake wa kwanza hapakuwa na nafasi nyumbani mwa wageni. Kisha, angali mchanga, alichukuliwa kwenda Misri kama mkimbizi. Yeye aijuaye siku ya kwanza na awalinde wote walio njiani mwezi huu, naye aifungue milango yetu. Amin.