KUBEBA MZIGO BILA KUJIUMIZA

Mimi sijambo, isipokuwa mgongo. Mwaka jana nilikosa masomo siku nne kwa ajili ya mtungi wa maji. Nilikuwa nimechelewa, nikauinamia miguu ikiwa imenyooka, nikaunyakua, na papo hapo nikajipinda ili niutie kichwani. Mgongo ukalia ka! Mtungi ukaanguka, na maji yote ya Turkwel yakarudi mchangani.

Tuanze na hesabu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivyo mtungi wa lita 20 ni kilo 20 na zaidi kidogo. Mwaka 1986 mwanasayansi Mkenya, G. M. O. Maloiy, na wenzake waliandika katika jarida la Nature jinsi walivyowapima akina mama Waluo wanaobeba kichwani na Wakikuyu wanaobeba kwa kamba ya kipajini. Walikuta kwamba mama aliyezoea hubeba asilimia 20 ya uzito wake bila mwili kutumia nguvu zaidi ya zile za kutembea mikono mitupu. Akizidisha hapo, mwili unaanza kulipa. Mimi nina kilo 50. Fungu langu basi ni kilo 10, na mtungi wetu ni mara mbili yake!

Unaweza kuumia hata wakati wa kuinua, si njiani tu. Chuchumaa mtungi ukiwa karibu na mwili, mgongo usiupinde, kisha miguu ndiyo ikuinue. Ukitaka kugeuka, geuza nyayo, usizungushe kiuno. Kichwani weka ngata, na umwombe mwenzako akutwike. Kujitwika peke yako ili uonekane hodari ni ujinga, nami nilikuwa mjinga huyo. Wakati wa kutua pia, ita mtu.

Tena mtungi mkubwa usioujaza ni mbaya, maana maji yanacheza ndani na kuivuta shingo huku na huku. Afadhali mdogo wa lita 10 uliojaa na kufungwa kifuniko. Ukibeba kwa mikono, gawa sawa kulia na kushoto, la sivyo utatembea umeinama upande kama mti wa jangwani.

Shangazi yangu wa Kakuma huvuka lagga ya Tarach na kuni kichwani. Mchanga ule unameza mguu, kwa hivyo yeye hupiga hatua fupi, macho mbele, na huondoka kabla jua halijachoma. Lagga ikishuka maji, hata kama ni ya magotini, havuki na mzigo.

Siku hizi nabeba lita 10, safari mbili. Mama alilalamika kwamba napoteza wakati, nikamweleza hesabu ya kilo. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema mtungi wa lita 20 sasa ni wake. Mama ana kilo 55. Nilipiga hesabu tena nikapata 11, nikakosa la kumwambia.