Kuanza Chuo Kabla ya Kumaliza Sekondari

SOMO LA KIKUNDI



Katika vikundi vyetu wako wengi wenye ndugu au watoto wanaoishi Marekani. Jimbo moja lenye Wakenya wengi ni Minnesota. Hao ndio hututumia pesa za karo ya wadogo na dawa za wazee. Lakini mtoto wao akimaliza sekondari na kuingia chuo, pesa zinaanza kupungua, kwa sababu karo ya huko ni kali na wengi huchukua mikopo. Kumbe sehemu ya masomo hayo ingeweza kufanywa mapema bila kulipa karo. Wazazi wengine hawajui, kwa sababu wao wenyewe walisoma hapa kwetu. Basi tujifunze, tupate la kuwaambia.

KREDITI NI NINI?

Tukisikia neno hili tunafikiria mkopo. Hapa maana yake ni nyingine. Krediti ni kipimo cha kazi ambayo mwanafunzi wa chuo amemaliza. Somo moja la muhula mmoja kwa kawaida lina krediti 3. Digrii ya kwanza huhitaji kama krediti 120, yaani 30 kila mwaka kwa miaka minne. Ni kama kujaza debe kwa kikombe: kila somo ukipita ni kikombe kimeingia.

Huko sekondari ni miaka minne, gredi ya 9 mpaka ya 12. Mwanafunzi anaweza kuanza kujaza debe lake kabla hajatoka sekondari.

Wazee wetu wataelewa upesi. Kabla ya 8-4-4, tulikuwa na Form 5 na Form 6, na digrii nyingi zilichukua miaka mitatu. Form 6 ilipoondolewa, chuo kikawa miaka minne. Kazi iliyofanywa shuleni ilipunguza miaka ya chuo.

NJIA TATU

1. Kwenda chuoni. Mwaka wa 1985, mwaka uleule sisi tulioanza 8-4-4, Minnesota ilipitisha sheria ya mpango unaoitwa PSEO. Mwanafunzi wa gredi ya 11 au 12 aliyekubaliwa na chuo anasoma huko, na serikali ya jimbo inalipa karo na vitabu vinavyotakiwa. Wa gredi ya 10 wanaweza kuanza na somo la ufundi. Nauli ni juu ya familia, ila wenye mapato ya chini sana wanaweza kuomba warudishiwe.

2. Somo la chuo katika shule ya sekondari. Mwalimu wa shule aliyekubaliwa na chuo anafundisha somo hilo hapo hapo darasani.

3. Mtihani wa AP. Huu hufanywa mwezi wa Mei katika majimbo yote. Alama ni 1 mpaka 5. Vyuo vingi hukubali 3 kwenda juu, vingine hutaka 4 au 5, na vingine havitoi krediti yoyote. Ada ni karibu dola 100 kwa kila mtihani, na wasiojiweza hupunguziwa.

TUFANYE HESABU

Tuseme kijana amechukua masomo mawili ya chuo kila muhula, kwa mihula minne ya gredi ya 11 na 12. Hayo ni masomo 8. Mara krediti 3, anapata 24. Zimebaki 6 tu kufikisha mwaka mzima wa chuo. Zikikubaliwa zote, mzazi ameokoa karo ya karibu mwaka mmoja.

MAMBO YA KUANGALIA

Mlango huu ni mzuri, lakini usiingie umefunga macho.

Kwanza, alama zinabaki. Somo la PSEO huandikwa katika rekodi ya sekondari na pia ya chuo. Kijana akianguka, alama hiyo itamfuata, na inaweza hata kumchelewesha kumaliza sekondari.

Pili, kazi ni nyingi. Somo la krediti 3 ni kama saa 3 darasani na saa 6 za kusoma mwenyewe kila wiki. Masomo mawili ni saa 18. Kijana anayefanya kazi jioni apime nguvu zake.

Tatu, na hili ndilo kubwa: krediti ina thamani pale inapokubaliwa tu. Vyuo vya serikali vya Minnesota vina mpango wa masomo ya msingi wa krediti 40. Aliyeumaliza wote katika kimoja, vile vingine vitautambua. Lakini chuo cha binafsi au cha jimbo lingine kinaamua chenyewe. Tena krediti inaweza kukubaliwa na bado isihesabiwe katika kozi anayotaka. Uuguzi, kwa mfano, una masomo yake ya sayansi yasiyoweza kubadilishwa na masomo mengine.

Kwa hiyo mtoto aulize chuo anachotaka kwenda baadaye: Je, somo hili mtalikubali? Litahesabiwa katika kozi yangu? Jibu lipatikane kwa maandishi. Kuuliza si ujinga.

NA HAPA KWETU?

KCSE ni mlango wa kuingilia chuo. Haipunguzi masomo ya chuo. Lakini mwenye diploma akijiunga na digrii, vyuo vingine humsamehe baadhi ya masomo. Kanuni ni ile ile: uliza kabla ya kulipa, na upewe barua.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Nani kati yetu ana ndugu huko mwenye mtoto wa gredi ya 9 au 10? Ni nani atampigia simu wiki hii?

2. Je, kijana apewe mzigo wa chuo akiwa na miaka 16? Faida ni nini, na hasara?

3. Kikundi kikiombwa mchango wa karo, ni maswali gani matatu katibu atauliza kwanza?

Katibu aandike majibu, na yasomwe mkutano ujao.