Mtoto Anayesahau Alichotumwa

Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo linaloleta ugomvi katika nyumba nyingi. Mtoto anatumwa dukani alete chumvi, kiberiti na sabuni, kisha apitie kwa shangazi yake amwambie kwamba jumuiya itasali kwake Jumatano. Anarudi na chumvi tu, na kwa shangazi hakufika. Mama anamwita mvivu, baba anamwita mkaidi, na mwalimu anasema hasikii.

Mara nyingi hiyo ni hali ya utoto tu, nayo hupita. Lakini wako watoto ambao kusahau kwao kumetokana na ugonjwa waliougua zamani wakapona, na watu wa nyumbani hawakujua kwamba uliacha alama. Ugonjwa mmoja wa namna hiyo ni malaria ya ubongo.

KUMBUKUMBU YA KAZI NI NINI?

Kumbukumbu ni za namna nyingi. Iko ile inayotunza mambo kwa miaka mingi, kama sala ya Baba Yetu, jina la babu, au njia ya kwenda Peramiho. Iko nyingine inayoshika mambo kwa muda mfupi tu, wakati kazi inaendelea. Hiyo huitwa kumbukumbu ya kazi. Ndiyo unayoitumia unapopiga hesabu kichwani ya bei ya debe tatu za mahindi, halafu ukatoa nauli ya gari.

Tufananishe ile ya kwanza na ghala, na hii ya pili na ungo. Ghala hubeba magunia mengi. Ungo hubeba kiasi kidogo tu, lakini ndipo kazi ya kupepeta inapofanyika. Ukiujaza kupita kiasi, nafaka humwagika.

Mwaka 1956 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, George Miller, aliandika kwamba mtu mzima huweza kushika mambo kama saba kwa mara moja. Mwaka 2001 Mmarekani mwenzake, Nelson Cowan, alieleza kwamba idadi hiyo kwa kweli iko karibu na manne. Ungo wa mtoto ni mdogo zaidi, nao hukua polepole mpaka ujana. Basi mtoto wa miaka sita aliyetumwa mambo manne kwa pumzi moja amebebeshwa mzigo mzito, hata akiwa mzima kabisa.

KUPANGA KUNATEGEMEA KUMBUKUMBU HII

Kazi hii hutegemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso. Daktari Wilder Penfield wa Montreal, Kanada, aliliona jambo hilo kwa uchungu katika familia yake mwenyewe. Mwaka 1928 alimpasua dada yake ili kumtoa uvimbe kichwani, ikambidi aondoe sehemu kubwa ya mbele ya ubongo upande wa kulia. Dada huyo, mama wa watoto sita, alipona. Alizungumza vizuri na kuwatambua watu wote.

Zaidi ya mwaka mmoja baadaye aliamua kupika chakula cha jioni kwa ajili ya mgeni na watu wanne wa nyumbani. Saa ya kula ilipofika, vyakula vyote vilikuwa jikoni, kitu kimoja au viwili viko motoni, lakini nyama haijaanza kupikwa, naye amesimama katikati akiwa amefadhaika. Hakuwa amesahau kupika. Kilichompotea ni uwezo wa kushika mambo mengi pamoja na kuyapanga: lipi litangulie, lipi lifuate. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1935, na zimewafundisha waganga wengi.

MALARIA INAVYOUDHURU UBONGO

Vijidudu vya malaria huingia katika chembe nyekundu za damu. Chembe hizo hunata kwenye kuta za mishipa midogo, na katika malaria ya ubongo huiziba mishipa ya kichwani. Ubongo hukosa hewa safi na sukari ambayo ni chakula chake. Mtoto hushikwa na degedege, kisha huweza kuzimia.

Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, katika mji wa Blantyre nchini Malawi, madaktari waliwapiga watoto wenye malaria ya ubongo picha za ndani ya kichwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Kati ya watoto 25 waliofariki, 21 walikuwa na ubongo uliovimba vibaya. Uvimbe huo hubana sehemu ya chini ya ubongo inayoongoza kupumua.

Na wanaopona? Mjini Kampala, Uganda, watafiti waliwafuatilia watoto wa miaka 5 hadi 12 waliolazwa Hospitali ya Mulago. Waliwapima mambo matatu: kumbukumbu ya kazi, umakini na kujifunza. Taarifa ya mwaka 2008 ilieleza hali yao baada ya miaka miwili. Kati ya waliougua malaria ya ubongo, asilimia 26 walikuwa na upungufu katika jambo moja au zaidi. Kati ya watoto wa mitaa ileile ambao hawakuugua, ni asilimia 7.6 tu. Upungufu ulionekana zaidi katika umakini, yaani uwezo wa kutuliza akili kwenye jambo moja.

Tuzielewe hesabu hizi vizuri. Karibu watoto watatu katika kila wanne waliopona malaria ya ubongo hawakuonekana na upungufu huo. Kwa hiyo mzazi asikate tamaa. Lakini yule wa nne yupo, pengine yupo darasani leo, na anachapwa kwa kosa ambalo si lake.

DEGEDEGE LISITUCHELEWESHE

Utafiti uliofanywa wilayani Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba watu wengi waliliona degedege kuwa ugonjwa wa mashetani, si malaria. Wako walioamini kwamba mtoto mwenye degedege akipigwa sindano atakufa. Mawazo ya namna hiyo yangali yakisikika sehemu nyingi za nchi yetu. Ndugu zetu, sindano haimwui mtoto huyo. Kinachomwua ni kuchelewa. Kadiri kuzimia kunavyodumu na degedege linavyorudia, ndivyo hatari ya kuumia ubongo inavyoongezeka. Tuwaombee watoto wetu, na tuwaombee tukiwa njiani kwenda hospitali.

Degedege likimshika mtoto, fanya hivi:
1. Mlaze kwa ubavu, mahali pasipo na moto wala vitu vigumu.
2. Usimtie kijiko, dawa wala maji mdomoni. Usimkamate kwa nguvu.
3. Mlegeze nguo, kisha mpeleke hospitali mara moja, hata kama degedege limekwisha.
4. Akizinduka na kuweza kumeza vizuri, mnyonyeshe au mpe uji wenye sukari.

Usisubiri degedege. Mtoto mwenye homa anayeshindwa kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, au anayelegea na kusinzia isivyo kawaida, apelekwe siku hiyohiyo, hata ikiwa ni usiku. Malaria kali hutibiwa kwa sindano ya artesunate. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010, uliofanyika katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kwamba dawa hiyo huokoa watoto wengi kuliko kwinini. Malaria isiyo kali hutibiwa kwa dawa mseto baada ya kupima damu. Mtoto amalize vidonge vyote, hata homa ikishuka siku ya pili.

KUMSAIDIA MTOTO ALIYEPONA

Kama mtoto wako aliwahi kuzimia kwa malaria, na sasa anasahau mno, hatulii, au masomo yamemshinda ghafla, fanya mambo yafuatayo:

– Mweleze mganga historia yote ya ugonjwa wake. Apimwe pia macho na masikio, kwa kuwa mtoto asiyesikia vizuri huonekana kama msahaulifu. Akipatwa na degedege bila homa, huenda ni kifafa, na kifafa kina dawa.

– Mtume jambo moja moja. Akimaliza la kwanza, mpe la pili.

– Kabla hajaondoka, mwambie arudie kwa kinywa chake alichotumwa. Akijua kusoma, mwandikie kwenye karatasi.

– Kazi za kila siku ziwe na utaratibu usiobadilika: kuosha uso, kutandika kitanda, kufagia, kisha uji. Jambo lililozoeleka hutoka kwenye ungo na kuingia ghalani.

– Zungumza na mwalimu wake. Mtoto akae mbele, na maagizo yawe mafupi.

– Mchezesheni bao, vitendawili, na kutaja majina ya vitu kwa kurudi nyuma. Hatuahidi kwamba michezo hiyo itaponya, lakini humzoeza kutuliza akili. Kule Uganda watoto waliofanyishwa mazoezi ya akili kwa kompyuta kwa wiki 8 walipata nafuu katika baadhi ya vipimo.

– Msimchape kwa kusahau. Hofu nayo huujaza ungo, na mtoto aliyeogopa husahau zaidi.

KINGA NDIYO DAWA BORA

Hapa Songea mvua huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea mpaka masika, na mbu huongezeka. Familia zinazohamia mashambani wakati wa kilimo zisiache vyandarua mjini; kibanda cha shambani nacho kina mbu. Mwaka 2013 mikoa ya Ruvuma, Lindi na Mtwara ilikuwa ya kwanza nchini kugawiwa vyandarua kwa kupitia wanafunzi wa shule. Chandarua hicho si cha kufugia kuku wala kuvulia samaki. Mama mjamzito naye ahudhurie kliniki na kumeza vidonge vya SP anavyopewa, maana humkinga yeye na mtoto aliye tumboni.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Je, katika jumuiya yetu yuko mtoto anayeitwa mvivu au mjinga? Tunajua aliugua nini?
2. Usiku mtoto akishikwa na degedege, ni nani mwenye baiskeli, pikipiki au gari la kumwahisha hospitali? Tumekubaliana naye mapema?
3. Vyandarua vyetu viko wapi usiku huu?