Somo la Hali ya Hewa: Joto la Mchana na Radi ya Jioni katika Miinuko ya Gusii

Januari na Februari ni miezi ya jua kali katika upande wa Kenya wa eneo la Ziwa Viktoria. Vijito hupungua, barabara za murram hutimka vumbi, na wachumaji wa majani chai huamka mapema ili kuwahi kabla jua halijapanda. Machi inapokaribia, mvua ya masika huanza kubisha hodi, mara nyingi ikitanguliwa na ngurumo, upepo na mvua ya mawe. Hata hivyo, Kisii na Nyamira hazina ukame wa miezi mingi kama sehemu nyingine za nchi. Mvua hunyesha karibu kila mwezi, na radi inaweza kupiga wakati wowote wa mwaka. Kwa hiyo somo hili linamhusu mkazi wa Sironga, Manga, Keroka au Ogembo siku zote.

Kwa nini asubuhi ya jua huishia na ngurumo

Ziwa Viktoria lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800 na liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Miinuko ya Nyamira inafika karibu mita 2,000. Kutoka Sironga hadi ghuba ya ziwa upande wa Kendu Bay ni takriban kilomita 40 tu kwa mstari ulionyooka.

Jua likiwaka, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Hewa ya juu ya nchi kavu huwa nyepesi na kupanda, na hewa yenye unyevu kutoka ziwani huja kujaza nafasi yake. Huo ndio upepo wa ziwa. Upepo huo ukifika Gusii hukutana na vilima na kulazimika kupanda. Upande wa pili, upepo unaotoka mashariki kupitia nyanda za Kericho huja kukabiliana nao. Hewa hiyo ikikosa pa kwenda, hupanda juu, hupoa, na unyevu wake huwa wingu refu jeusi.

Ndiyo maana mvua nyingi za radi katika miinuko hii huja kati ya saa nane mchana na saa mbili usiku. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, upepo huelekea ziwani, na dhoruba huzuka juu ya maji. Mvuvi wa Homa Bay huiogopa dhoruba ya usiku kama mkulima wa Nyamira anavyoiogopa ile ya alasiri.

Ndani ya wingu hilo, matone ya maji hurushwa juu hadi yanaganda. Barafu hupanda na kushuka, ikiongezeka ukubwa, hadi inakuwa nzito na kuanguka. Kwa kuwa miinuko iko karibu zaidi na sehemu baridi ya anga, barafu hiyo haipati muda wa kutosha kuyeyuka njiani. Kericho na Nandi Hills zinajulikana duniani kwa wingi wa mvua ya mawe, na Gusii ni jirani yao. Vipande vya barafu vikigongana pia hutenganisha chaji za umeme, na hapo ndipo radi inapozaliwa.

Kusoma utabiri

Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa siku, wa wiki, wa mwezi na wa msimu. Kila mmoja una kazi yake. Utabiri wa msimu humsaidia mkulima kuchagua mbegu na wakati wa kupanda, lakini hauwezi kumwambia ni Jumanne gani radi itapiga. Kwa hilo asikilize utabiri wa siku hiyo, redioni au kwa simu.

Utabiri wa msimu husema kwa lugha ya uwezekano. Ukisema kuna uwezekano mkubwa wa mvua kuzidi wastani, maana yake si kwamba ni lazima izidi. Mkulima mwenye busara hujiandaa kwa linaloelekea kutokea, huku akiweka akiba kwa lisilotarajiwa.

Tahadhari ya mvua kubwa mara nyingi hutaja milimita 20 au zaidi ndani ya saa 24. Milimita 1 ni sawa na lita 1 ya maji kwa kila mita 1 ya mraba. Paa la mabati la mita za mraba 50 likipata milimita 20 hupokea lita 1,000 za maji. Mwenye tangi huyavuna. Asiye na mtaro huyaona yakichimba shamba la jirani aliye chini ya mteremko.

Kuhesabu umbali wa radi

Mwanga wa radi hufika papo hapo, lakini sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Kila sekunde 3 kati ya mmweko na ngurumo ni sawa na kilomita 1 hivi. Mtu akihesabu sekunde 30, radi iko umbali wa kilomita 10. Umbali huo bado ni hatari, kwa sababu radi inaweza kuruka mbali na wingu lake, hata mahali ambapo mvua haijaanza.

Kanuni ni rahisi: hesabu ikiwa chini ya 30, kazi ya nje isimame. Kazi ianze tena dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Mchumaji chai anayebaki shambani ili ajaze kikapu anahatarisha maisha kwa kilo chache za majani.

Mahali salama na mahali pa hatari

Jengo kubwa la kudumu lenye kinga radi ndilo bora. Matatu au gari lenye bodi ya chuma, madirisha yakiwa yamefungwa, pia ni salama. Bodaboda, kibanda cha soko, mti ulio peke yake, kilele cha kilima na maeneo yenye maji kama kinamasi cha Sironga si mahali pa kujikinga. Uzio wa waya unaweza kubeba umeme wa radi kutoka mbali.

Ndani ya nyumba, watu wakae mbali na kuta, milango, mifereji na nyaya za stima. Vifaa vya stima vichomolewe mapema, si wakati radi inapiga. Simu isiyochomekwa kwenye stima haivuti radi, wala nguo nyekundu na kioo havivuti. Radi hupendelea kitu kirefu, kilichochongoka au kilicho peke yake.

Ng'ombe hufa kwa urahisi kwa sababu miguu yake ya mbele na ya nyuma iko mbali, hivyo umeme unaotembea ardhini hupanda upande mmoja na kupitia moyoni. Mifugo isifungwe chini ya mti wala kando ya uzio wa waya.

Paa la mabati peke yake si kinga. Mnamo Juni 2011, radi iliua wanafunzi 18 katika Shule ya Msingi ya Runyanya, Uganda. Novemba 2024, watu 14 walikufa katika kambi ya wakimbizi ya Palabek, kaskazini mwa Uganda, walipokuwa wamekusanyika kwa maombi. Kamati za shule na makanisa zinapopanga bajeti ya ujenzi, kinga radi iliyounganishwa vizuri na ardhi na fundi aliyehitimu iwe miongoni mwa mahitaji ya kwanza.

Radi haitumwi

Boma likipigwa mara mbili, baadhi ya watu hutafuta wa kulaumiwa. Ukweli ni kwamba radi inaweza kupiga mahali pamoja mara nyingi, hasa penye mwinuko au miti mirefu. Katika Gusii, shutuma za uchawi zimewahi kuwagharimu wazee maisha yao. Kufahamu chanzo cha radi kunalinda pia majirani.

Huduma ya kwanza

Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini, hivyo anaweza kuguswa mara moja. Kama hapumui na hasikiki mapigo, kifua chake kibanwe kwa nguvu katikati, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha hadi msaada ufike. Wengi huweza kuokolewa wakihudumiwa mapema. Msaada uitwe kwa nambari 112 au 999, au 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya.

Maswali ya kujadili nyumbani na barazani

1. Mvua ya radi ikija saa tisa alasiri, kila mtu wa boma hili huwa wapi, na atakimbilia wapi?
2. Je, shule na kanisa la karibu vina kinga radi? Nani aliikagua mara ya mwisho?
3. Paa la nyumba lina mita ngapi za mraba, na maji yake huenda wapi?
4. Nani katika boma anajua kubana kifua cha aliyezirai, na nani atafunzwa?