Mfupa wa Buchari Ni Malighafi

Uchumi wa mzunguko ni utaratibu wa kutengeneza bidhaa ambapo kinachobaki kwa mmoja huwa malighafi ya mwingine. Mfano mzuri uko hapa Kibera, kwenye karakana za mifupa.

Kwa miaka mingi mafundi wa Kibera wamechukua mifupa na pembe za ng'ombe kutoka machinjioni na kuvigeuza kuwa herini, bangili, shanga na vifungo. Mfupa wa mguu ndio unaofaa zaidi kwa kuwa ni mnene na umenyooka. Huchemshwa ili mafuta yatoke, hukatwa kwa msumeno, hupigwa msasa, hutiwa dawa ya kuufanya mweupe, kisha hung'arishwa. Asiyejua huweza kudhani ni pembe ya ndovu, na hilo si jambo dogo katika nchi iliyoteketeza takriban tani 105 za pembe hizo mwaka 2016.

Wengi hudhani kazi hii huanza karakanani. Huanza kwenye buchari. Mfupa uliotupwa pamoja na maganda na karatasi chafu huoza, na fundi hulazimika kuuosha kwa maji ya kununua. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe pale zinapozalishwa, zinazooza kando na zisizooza. Mwenye buchari wa Makina anaweza kwenda hatua moja mbele: ndoo yenye kifuniko, ya mifupa pekee.

Karakana nayo ina taka zake. Mafuta yanayoelea kwenye sufuria yanaweza kutengenezewa sabuni. Yakimwagwa mtaroni huganda na kuziba njia ya maji. Vipande vidogo vikisagwa huwa mbolea yenye kalsiamu na fosforasi.

Tatizo kubwa ni vumbi. Ni laini, huingia mapafuni, na leso iliyofungwa puani haitoshi kulizuia. Fundi anahitaji barakoa ya vumbi, miwani, na feni inayovuta hewa kuipeleka nje, mbali na milango ya majirani. Kulowesha mfupa hupunguza vumbi, lakini kwa msasa wa mkono tu. Maji na mashine ya umeme ni hatari. Vumbi la mfupa ambao haujatiwa dawa likusanywe kwa kitambaa chenye unyevu, liingie kwenye gunia lilelile la mbolea.