Somo la Kuotesha Kimea Nyumbani: Tuliyoyaona Mbinga na Pwani ya Ziwa Nyasa



Msimu ukishika, kila mmoja wetu ajua nyumba zetu zinavyokuwa. Baba yuko juu ya mkarafuu tangu alfajiri, mama anaokota chini, na usiku anachambua makonyo. Mtoto mdogo huachwa kwa dada yake mwenye miaka tisa, pamoja na bakuli la uji. Uji huo ni mwepesi, maana mzito humshinda mtoto kumeza. Jioni bakuli li tupu, mtoto amelala, nasi twadhani ameshiba. Kumbe alichokunywa ni maji, unga ulikuwa kidogo tu.

Mtoto wangu wa pili alipitisha msimu mmoja namna hiyo, na kadi yake ya kliniki ikaonesha miezi mitatu bila ya kuongezeka uzito. Ndiyo sababu, nilipopata safari ya Mkoa wa Ruvuma kuwatazama wenzetu wakulima wa kahawa, jicho langu lilikwenda jikoni kuliko shambani.

Mbinga ni nchi ya milima na baridi. Wamatengo hulima kwa ngoro, yaani mashimo yaliyopangwa ubavuni mwa mlima ili mvua isichukue udongo. Ukiteremka magharibi wafika Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa, ambako watu huishi kwa mhogo na samaki. Upande huo ulikuwa ndani ya Wilaya ya Mbinga mpaka ulipofanywa Wilaya ya Nyasa mwaka 2012. Chakula huko hakikosekani. Hata hivyo, uchunguzi wa afya wa taifa wa 2015–16 ulionesha kuwa mkoani Ruvuma watoto wapatao 44 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Basi ghala iliyojaa haitoshi. Yafaa tutazame kinachoingia katika bakuli la mtoto.

KIMEA NI NINI

Kila nyumba niliyoingia nilipewa togwa, kinywaji cha unga wa mahindi kilichotiwa kimea cha ulezi. Ulezi ndio tuuitao wimbi hapa kwetu. Kimea ni nafaka iliyooteshwa kidogo, ikakaushwa, ikasagwa.

Mbegu ni kama mtu aliyeweka akiba. Akiba yake ni wanga, na imefungwa ili idumu. Ikipata maji na joto, mbegu hutengeneza vimeng'enya vya kuukata wanga huo vipande vidogo vitamu, upate kulisha chipukizi. Ukitia kimea katika uji mzito, vimeng'enya hivyo huukata wanga wa uji vile vile, na uji huwa mwepesi mbele ya macho yako pasipo kuongezwa maji.

Hapo ndipo penye faida. Uji mwepesi wa kawaida huwa na unga kama sehemu 5 katika 100. Uji wa kimea waweza kuwa na unga sehemu 20 katika 100, na mtoto akaunywa bila ya taabu. Jambo hili lilichunguzwa na Mosha wa Kituo cha Chakula na Lishe cha Tanzania pamoja na mwenzake Svanberg, wakaliandika mwaka 1983. Lakini kina mama wa Ruvuma walikuwa na kimea jikoni tangu zamani.

NAMNA YA KUOTESHA

1. Chukua kilo moja ya wimbi jipya. Peta, toa mawe na mbegu zilizovunjika, kisha osha mpaka maji yawe safi.

2. Roweka kutwa na kucha katika maji safi, ukiyabadilisha mara mbili au tatu.

3. Chuja. Tandaza juu ya kitambaa safi kilichochemshwa, unene usizidi kidole kimoja, ukafunike kwa kitambaa kingine kibichi. Weka kivulini.

4. Nyunyiza maji safi asubuhi na jioni, na geuza kwa mkono uliooshwa kwa sabuni. Milimani Mbinga, kwa ajili ya baridi, kazi hii yaweza kuchukua siku nne. Pwani ya ziwa, na hapa kwetu, siku mbili au tatu zatosha.

5. Chipukizi zikifika urefu wa kucha, anika juani juu ya jamvi safi mpaka zikauke kabisa. Fikicha, peta mizizi na chipukizi zitoke, kisha saga. Weka katika kopo kavu lenye kifuniko.

Sisi wa karafuu hatuhitaji kufundishwa hatari ya lundo. Karafuu zilizorundikwa mbichi hupata moto zikawa mpeta. Wimbi nalo likirundikwa hupata moto na kuota ukungu. Kimea chenye ukungu au harufu mbaya kitupwe, asipewe mtoto wala kuku. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walikufa kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu.

NAMNA YA KUTUMIA

Pika uji mzito uive vizuri. Epua, uache upoe mpaka tone likiwekwa mgongoni mwa mkono livumilike. Uji unaotokota huviua vimeng'enya, na kazi yako itakuwa bure. Tia kijiko kimoja cha chai cha kimea kwa bakuli, koroga, ngoja dakika kumi. Ukishakuwa mwepesi, urudishe motoni uchemke tena, ili vijidudu vilivyokuwa katika kimea vife. Mpe mtoto aliyetimiza miezi sita, wala usimwachishe ziwa.

Kimea si dawa, na peke yake hakitoshi. Ongeza karanga zilizosagwa, au unga wa dagaa safi, au chooko. Na mtoto asiyeongezeka uzito apelekwe kliniki.

CHIPUKIZI ZA MBOGA

Chooko na kunde nazo huoteshwa kwa njia hiyo hiyo, ila hazikaushwi. Huliwa mboga siku ya tatu. Mbegu kavu haina vitamini C ya kutajika, lakini ikichipua huitengeneza. Tena kuota hupunguza kitu kinachozuia madini ya chuma kuingia mwilini.

Lakini msizile mbichi. Joto na unyevu unaootesha mbegu hukuza na vijidudu. Mwaka 2011 huko Ujerumani watu zaidi ya 3,000 waliugua na zaidi ya 50 wakafa kwa kula chipukizi mbichi, na wachunguzi wakaifuata asili mpaka kwenye mbegu za uwatu. Chooko zilizoota zichemshwe dakika chache, ndipo zitiwe nazi. Maharage, hata yakiwa yameota, yachemke sana, maana mabichi yana sumu.

Mambo mawili zaidi ya kuangalia. Kwanza, msioteshe mbegu za dukani zilizopakwa dawa ya kupandia. Pili, msitumie mtama kwa kimea cha mtoto wakati wimbi lipo, kwa kuwa chipukizi na mizizi ya mtama hutoa sumu ya namna ile ya mhogo mchungu.

Na togwa je? Ikilala usiku mmoja huwa tamu, kisha huchachuka, na uchachu huo huzuia vijidudu vingi vya kuharisha. Ikikaa siku nyingi hugeuka pombe, na hapo si kinywaji chetu tena.

Kilo moja ya kimea, kwa vijiko viwili vya chai kila siku, humtosha mtoto mmoja msimu mzima. Kazi yake ni siku chache, na inafaa ifanywe sasa kabla ya karafuu kukomaa. Namwomba kila mwanachama mwenye mtoto mdogo aoteshe kibaba kimoja tu, akilete katika mkutano ujao tukitazame pamoja. Na yule dada wa miaka tisa afundishwe, kwani mtilia kimea wakati wa msimu ni yeye.

Katibu